Mpira Juu ya Buton

Waasi walipofika Kisangani walituambia wamekuja kutukomboa. Bon. Kitu cha kwanza walichokikomboa kwenye atelie yetu, karakana ya vyuma pale mtaa wa Tshopo, kilikuwa kijisanduku cha mkononi cha mashine ya kuchonga chuma. Mashine yenyewe iliongozwa na kompyuta. Patron, mwenye atelie, aliileta kwa ndege kupitia uwanja wa Bangboka kabla ya vita. Kile kijisanduku kilikuwa na gurudumu dogo: ukilizungusha kwa kidole, kisu cha mashine kinasogea taratibu mpaka kwenye chuma. Kilikuwa pia na waya mrefu uliojikunja. Askari waliona waya, wakasema hii ni phonie, redio ya kuitana jeshini. Walikaa barabarani nusu ya siku wakimwita komanda wao kwa kifaa cha fundi. Waliponikuta nacheka, mmoja aliniuliza kama nataka kuongea na komanda mimi mwenyewe. Niliacha kucheka.

Bila gurudumu hakuna kazi, na aliyesomea umeme ni mimi, donc nikaambiwa nibuni lingine. Nilivunja kipanya cha kompyuta iliyokufa, nikatoa kigurudumu chake chenye matundu, nikakivalisha kifuniko cha kopo la maziwa. Nikaweka springi ya kalamu ili kidole kisikie kila hatua: tik, na kisu kinasogea chini ya unene wa unywele. Halafu, kwa sababu wanadamu ninawajua, nikaweka buton ubavuni. Lazima uikandamize kwa dole gumba ndipo kisu kisogee. Ukiiachia, mashine yote inasimama.

Nikisema wanadamu, namaanisha tonton. Tonton, ndugu ya mama yangu, ndiye aliyeendesha mashine ile, na hakuamini kipimo cha macho. Kisu kinazunguka, kinakaribia chuma, yeye anaingiza kidole cha mkono wa kuume katikati kupima nafasi iliyobaki. Mkono ule ulilisha nyumba nzima: mama, mimi, wadogo zangu, na mashemeji waliokimbia vita Kivu wakasahau kurudi. Kila alipoingiza kidole, niliona njaa yetu sote.

Kesho yake nilikuta amefunga buton kwa mpira. Mgeni hawezi kuelewa. Kisangani ya wakati ule ilishikizwa kwa vipande vya mpira wa ndani ya tairi la baiskeli: mizigo ya toleka, zile baiskeli za kukodi, mbuzi wanaovushwa mto kutoka Lubunga, milango, redio, hata bunduki za wakombozi wetu. Kitu kikikusumbua, unakifunga mpira.

"Dole gumba inachoka," tonton alisema. "Na mikono yangu iko mbili tu."

Nilikata mpira. Akafunga mwingine. Nilimwomba, nikamkasirikia, mwisho nikamtuma mama aongee naye. Sikio la kufa halisikii dawa, na la tonton halikusikia hata dada yake.

Alors niliacha kuongea, nikarudi mezani. Safari hii niliweka springi mbili, moja laini na moja ngumu. Ukikandamiza kiasi, kisu kinasogea. Ukiachia, mashine inasimama. Ukikandamiza mpaka mwisho, inasimama vilevile. Mpira haujui kiasi: akiukaza mashine inazima, akiulegeza hakuna kinachosogea. Nilikaa pembeni nikimtazama anahangaika nao, na sitadanganya, nilifurahi sana.

"Mutoto ya dada yangu amesoma sana," aliwaambia wateja. "Sasa amefundisha mashine uvivu."

Mwishowe alishika buton kwa dole gumba, kama watu. Mpira aliuacha unaning'inia palepale, kwa kiburi tu.

Halafu majeshi mawili ya kigeni, yote yaliyokuja kutusaidia, yakagombana katikati ya mji wetu ni lipi litusaidie zaidi. Asubuhi ile umeme ulikuwepo, tulikuwa tunachonga gia ya boti. Tonton alishika kijisanduku kwa mkono wa kushoto. Kidole cha kuume kilikuwa mahali pake pa siku zote, chini ya kisu kinachozunguka. Bomu la kwanza likaanguka nyuma ya ukuta. Mwili wake wote ulistuka, mkono wa kushoto ukajifunga ngumi, kifuniko cha kopo kikazunguka nao kuagiza kisu kishuke, buton ikazama mpaka mwisho. Mashine ikanyamaza. Kisu kilijizungusha kidogo, kikasimama juu ya ukucha wake bila kuugusa.

Tulilala chini ya mashine mpaka vishindo viliposogea upande wa mto. Nilitaka kumkumbatia yule mzee, nikaogopa atanicheka.

Tonton aliinuka, akajipangusa, akaitazama mashine iliyozima. Kisha akaninyooshea kidole cha mkono wa kuume, kizima, cheusi kwa mafuta mpaka kwenye ukucha.

"Unaona?" alisema. "Buton yako imesimamisha kazi tena."

Sijawahi kutukanwa kwa kidole kizuri namna ile.