Alikuwa Hasaini Asichokiona

Msomaji wangu, Jumanne asubuhi simu yangu iliita nikiwa kwa kinyozi hapa Shangani, Mtwara, nusu ya kichwa imeshanyolewa. Aliyepiga akaniambia kwamba yule mtafiti wa udongo niliyewahi kumtaja katika safu hii mara mbili, moja kwa sifa na moja kwa hasira, amefariki alfajiri akijiandaa kwa swala. Nikamwomba kinyozi aharakishe. Sitadai kwamba tulikuwa marafiki wa kutembeleana. Tulikuwa watu wa kusalimiana sokoni na kubishana kidogo, na kuna msimu mzima wa korosho ambao hatukusemeshana kabisa. Nitaeleza kwa nini, maana kosa lilikuwa langu, ingawa nimelijua wiki hii tu.

Marehemu alishika udongo maisha yake yote ya kazi, na hata alipostaafu wanafunzi wa shahada ya uzamili waliendelea kumfuata, kwa kuwa vyuo vyao viko mbali na huku kusini aliyekuwa tayari kuwaonyesha shimo linavyochimbwa alikuwa yeye. Wengine walilifuata jina lake tu. Siku hizi kila tangazo la kazi, ufadhili au mafunzo linataka wadhamini, yaani watu wa kuandika barua kuthibitisha kwamba mwombaji anaiweza kazi, na barua yake ilikuwa inasomwa kwa heshima hata na watu wasiojua Mtwara iko wapi. Mpwa wangu alipohitimu kemia nilikwenda kumwombea barua hiyo, nikabeba na korosho zilizobanguliwa vizuri. Korosho tulizila pamoja pale barazani, tukacheka, kisha akanikatalia. "Kijana wako simjui akiwa na tope miguuni," alisema. "Mimi sisaini nisichokiona. Mlete afanye kazi na sisi mwezi mmoja." Mpwa wangu alipoambiwa akasema yeye ana shahada, si kibarua. Nami, badala ya kumkanya, nikachukia kwa niaba yake, nikaja hapa kuandika maneno makali kuhusu wazee wanaokalia milango ya vijana. Marehemu alisoma, kwa sababu alikuwa anasoma kila kitu, na hakunijibu neno.

Tulipatana mwaka jana, nilipotaka kuandika habari za mashamba ya mpunga karibu na mlango wa mto Ruvuma, ambako wakulima wanalia kwamba chumvi inapanda. Marehemu akanipa nafasi kwenye gari lake. Alikuwemo binti mmoja wa Likombe, mwanafunzi wa uzamili, aliyekuwa anapima chumvi hiyo kwa ajili ya utafiti wake. Tulichimba tangu asubuhi, au niseme walichimba wao, mimi nikabeba vifuko vya udongo na kulalamikia kiuno. Mchana mvua ikanyesha. Tulipokuwa tunafunga mizigo, binti akaona kwamba wino wa vibandiko umefutika kwenye vifuko viwili na hajui kipi kimetoka shimo lipi. Dereva alikuwa ameshawasha gari, anapiga honi, maana maji ya bahari yalikuwa yanajaa na njia ilikuwa karibu kufunikwa. Mimi nikamshauri binti akisie tu. Udongo ni udongo. Yeye alivimwaga vyote viwili mbele yetu, akachukua chuma chake cha kutobolea ardhi, akarudi kwenye mashimo mawili ya mbali kabisa, akikimbia kwenye matope yanayofika magotini. Marehemu alisimama akitazama saa, akimtazama yeye, akiyatazama maji. Tulipita ile njia maji yakiwa yanagonga milango ya gari. Tulipofika pakavu marehemu akasema, bila kumgeukia mtu, "Huyu nitamwandikia."

Basi turudi kwenye msiba. Mazishi yalikuwa Jumatano baada ya adhuhuri. Kabla jeneza halijanyanyuliwa, mdogo wake marehemu alisimama akatangaza kama ilivyo desturi yetu, kwamba anayemdai marehemu, au anayedaiwa naye, aje kuonana na wanawe. Tuliporudi kutoka makaburini nikamwona yule binti wa Likombe ametoka upande wa wanawake, mtandio umelowa machozi, anamsogelea mtoto mkubwa wa marehemu. Nilikuwa nimekaa karibu, nikasikia. Alisema anamdai marehemu. Yule mtoto, anayefanya kazi bandarini na ni mtu muungwana, akamuuliza kwa upole ni kiasi gani. Binti akasema si pesa, ni barua, kwani baba alikuwa mdhamini wake. Hapo ami yake, yule mdogo wa marehemu aliyetangaza, akashtuka, akauliza ni mdhamini wa benki au wa polisi, na watu wawili watatu wakageuka kutazama. Maskini binti akabaki kueleza mbele ya msiba kwamba ameomba mafunzo ya mwaka mmoja katika maabara ya udongo wa pwani huko nje, kwamba barua ya mwalimu wake wa chuo imeshafika, kwamba ya pili lazima itoke kwa mtu aliyemwona akifanya kazi nje ya darasa, na kwamba dirisha la maombi linafungwa kesho yake, Alhamisi, saa kumi na moja jioni. Marehemu alimwahidi kuituma Jumanne.

Mtoto wa marehemu akatoa simu ya baba yake mfukoni. Akaifungua, akatafuta kidogo, akaikuta barua imeanzwa, aya mbili. Akasema neno la siri analijua, basi tuimalize na kuituma sasa hivi, maana wa huko nje hawajui kama mzee amekufa. Nikiri, msomaji wangu: nilikuwa upande wa ile simu. Tayari nilikuwa natunga sentensi ya tatu kichwani, tena sentensi nzuri. Nani angeumia? Binti aliitazama simu. Maisha yake yote ya mbele yalikuwa kwenye kioo kile, na alijua kuliko sisi kwamba nafasi kama ile haibishi hodi mara mbili Likombe. Kisha akasema, "Kaka, baba alikuwa hasaini asichokiona. Sasa haoni. Tusimsainishe."

Aliomba tu kukaa kwenye mkeka barazani, akawaandikia watu wa ile maabara kwamba mdhamini wake amezikwa leo. Alhamisi asubuhi wakampa pole na kumwambia kwamba wanaweza kupokea barua ya mtu mwingine aliyeiona kazi yake, ila saa ni ile ile. Akanipigia kuniuliza ninawajua akina nani wanaoweza kumwandikia. Nilikaa na simu yangu, nikapitia jina moja baada ya jingine. Mmoja alihamishiwa Dodoma kabla binti hajaanza utafiti wake. Mwingine yupo hapa hapa, lakini hajawahi kumwona binti huyu hata kivuli. Wa tatu alisema kwa ukarimu mkubwa kwamba atasaini chochote nitakachomletea, nami wiki iliyopita ningemshukuru. Hapo hofu ikanishika kweli. Gesi ilipoanza kutajwa kule Mnazi Bay, kila mzazi wa mji huu, nikiwemo mimi, alimsukumia mtoto wake kwenye sayansi. Watoto wakasoma, wakarudi na vyeti vyao, na matangazo yakawataka uzoefu ambao hakuna aliyewapa. Husemwa mcheza kwao hutunzwa, lakini hawa wanacheza kwao na hakuna aliyekaa kuwatazama. Aliyekaa alikuwa mmoja, naye tumemfukia Jumatano.

Saa tisa mchana nikamwomba binti anitumie fomu ya mdhamini, nikaifungua mwenyewe. Umeme ulikatika mara moja, mtandao mara mbili. Fomu iliniuliza cheo changu katika sayansi, nikaandika kwamba sina. Ikauliza uhusiano wangu na mwombaji, nikaandika kwamba niliwahi kumbebea vifuko vya udongo. Ikauliza nimemfahamu kikazi kwa muda gani. Nikaandika: siku moja. Kisha nikaeleza ile siku, mvua, vibandiko, honi ya dereva, na ushauri wangu mbaya ambao hakuufuata. Ilikwenda zikiwa zimebaki dakika kumi na mbili. Hadi naandika haya majibu hayajaja, na inawezekana kabisa barua ya mtu kama mimi haitatosha. Nikiwaza hivyo naona uchungu, kwa sababu anastahili.

Lakini lipo jambo lililonichoma zaidi. Mpwa wangu huu ni mwaka wa pili anajitolea katika maabara moja ya maji hapa mjini, bila mshahara. Miaka yote hii nimemwombea barua kwa watu, nimemgombea, nimemwandikia safu nzima ya hasira, na sikuwahi hata mara moja kwenda kumwona akifanya kazi. Nilikuwa namtaka marehemu atie saini kitu ambacho hata mimi mjomba wake sijakiona. Ijumaa asubuhi nilikwenda. Alidhani nimeleta habari ya msiba mwingine. Nikamwambia hapana, aendelee tu, nikaomba kiti nikakaa. Alipima maji ya chupa ile ile mara tatu, kwa sababu majibu mawili ya kwanza hayakukubaliana, na hakujua kwamba nimeliona hilo. Msomaji wangu mwenye ujuzi wowote, uwe umestaafu au bado upo kazini, yupo kijana karibu yako ambaye kesho atahitaji mtu wa kusema alichokiona. Omba kiti ukae, umtazame, ungali unaona.