Mpima miwa wa Matungu aliyeficha dadu nyuma ya katoni

Saa nane kasoro dakika kumi mchana, Selpher Were amekwisha kupanga viti vinne mara tatu. Anavisogeza mezani, anaviondoa, anavirudisha palepale. Anachungulia mlangoni. Anaketi, kisha anasimama kabla kiti hakijapata joto.

"Wakikosa kuja leo, basi imeisha hiyo," anasema huku akitazama barabara. "Miaka miwili na miezi mitatu, imeisha."

Tuko chumba cha nyuma cha duka la ushonaji mjini Kakamega. Mezani leo hakuna vitambaa. Kuna chupa ya chai, sinia ya bati, penseli kadhaa na dadu nyekundu yenye pande ishirini.

Selpher ana miaka 33. Siku za kazi yeye ni karani wa mizani katika kiwanda kidogo cha sukari guru huko Matungu, kwa ujira wa Sh600 kwa siku. Jumamosi anapanda gari kuja mjini, na hapo anageuka kuwa msimulizi wa mchezo wa hadithi na dadu.

Mchezo wenyewe ni huu. Kila mchezaji anashika mtu wa kubuni, ambaye jina lake, nguvu zake na udhaifu wake vimeandikwa kwenye karatasi. Selpher anawaeleza walipo na kinachowakabili, nao wanasema watafanya nini. Pale ambapo jambo linaweza kwenda hivi au vile, dadu inarushwa, na kitabu cha kanuni kinasema kila namba ina maana gani: kubwa ni heri, ndogo ni shari.

Wachezaji wake ni watatu tu. Kuna Weldon, karani wa miaka 26 katika ofisi moja ya serikali, na Ashley, mwanafunzi wa chuo. Wa tatu ni mwenye duka, Teresa Andati, fundi cherehani wa miaka 52 ambaye wote humwita Mama Abigail.

Usishangae mama wa makamo kuingia katika mambo ya majoka. Mwenyewe anaeleza hivi: "Walikuwanga wanakodi chumba changu. Siku moja kelele zikazidi, nikaenda kuwafukuza. Nikasikia hadithi imefika mahali patamu, nikakaa."

Mtu wake aliitwa Nasimiyu, mpiga mishale mkaidi, hodari wa kupanda miti na asiyejua kuogelea. Kwa miaka miwili Nasimiyu aliponea majangani hadi wenzake wakaacha kuhesabu. Mama Abigail alikuwa akiwasimulia wateja habari zake huku akiwapima mabega.

Kisha, wiki tatu zilizopita, walifika kwenye daraja la kamba juu ya Mto Isiukhu, ule wa mchezoni, wenye joka la maji. Daraja lilianza kukatika. Mama Abigail akasema Nasimiyu atashikilia kamba mpaka wenzake wavuke. Kanuni ilikuwa wazi: dadu ikionyesha moja, anaanguka na hatoki.

Kwa kawaida msimulizi hurusha dadu yake nyuma ya kizuizi, wachezaji wasijue yanayokuja. Kizuizi cha Selpher ni katoni ya sabuni iliyokatwa upande mmoja. Akarusha. Ikaja moja.

"Nikasema kumi na nne," anakumbuka, akizungusha penseli vidoleni. "Nilimwangalia Mama Abigail, alikuwa ameshika meza kwa mikono miwili, hapumui. Nikashindwa, ndugu yangu. Nikashindwa kabisa."

Bahati mbaya, Weldon alikuwa amesimama kumimina chai. Aliona. Alinyamaza mpaka wanakusanya vikombe, kisha akatoboa siri.

Selpher alitarajia Weldon akasirike, na alikasirika. Ambacho hakutarajia ni hasira ya yule aliyeokolewa. Mama Abigail alimuuliza swali moja: "Hii ni ya ngapi?"

Selpher, ambaye hajui kudanganya akiwa ameangaliwa usoni, akajibu kwamba ni ya tano.

"Kumbe ile siku nilimuua joka la Shinyalu, si mimi," Mama Abigail alimwambia. "Ulimuua wewe, halafu ukanipigia makofi." Jumamosi mbili zilizofuata, chumba cha nyuma kilifungwa kwa kufuli.

Ukimuuliza Selpher kwa nini alifanya vile, anakurudisha Matungu. Pale mizanini, anasema, namba ndiyo bosi. Mkulima anakuja na trela, amekaa miezi kumi na minane akingoja miwa ikomae, na yeye hana ruhusa ya kumwongezea hata kilo moja. Ameona watu wazima wakiangalia ile namba na kugeuza uso.

"Nilitaka mahali pamoja tu duniani ambapo naweza kusema, hapana, huyu leo asiumie," anasema. "Kitabu cha kanuni hakijui Mama Abigail amekuwa na wiki gani. Mimi najua."

Weldon haoni hivyo. "Kama madam anaamua kila kitu, basi mimi narusha dadu ya nini? Si tukae tu atusomee hadithi, twende nyumbani," alisema kwa simu kabla ya siku hii.

Ajabu ni kwamba dawa ilikuwa hukohuko mizanini. Kiwandani kwao kuna desturi iliyoanza baada ya ugomvi wa wakulima, kabla Selpher hajaajiriwa. Karani hasomi namba. Mwenye miwa ndiye anayeinama, anaisoma kwa sauti, kisha anauliza, "Umeandika?" Karani anajibu, "Nimeandika." Hapo hakuna tena wa kumshuku mwenzake.

"Nimeifanya miaka sita, na haikunijia akilini hata siku moja kuileta hapa," Selpher anasema na kusimama tena.

Saa nane na robo wanafika. Ashley kwanza, kisha Weldon, na mwisho Mama Abigail, ambaye alikuwa hapo mbele dukani muda wote, akishona pindo lisilo na haraka. Anaketi bila kuvua tepu shingoni.

Selpher anaichukua katoni na kuikanyaga mpaka inakuwa bapa. Anaisukuma sinia katikati ya meza. Anaomba msamaha kwa maneno machache, kisha anampa Mama Abigail dadu. "Rusha upya. Wazi. Usome mwenyewe."

Mama Abigail anaitazama dadu na kuirudisha. "Nirushe ya nini? Ile moja ni yangu. Nipe."

Weldon mwenyewe, aliyetaka sheria ifuatwe, anainamisha kichwa.

"Sawa," Selpher anasema hatimaye. "Kitabu kinasema ameanguka. Hakisemi ameangukaje, hiyo wameniachia mimi." Anasimulia kamba inavyokatika uzi mmoja mmoja, na povu la maji chini. Kisha anasita. "Mama Abigail, kabla hajafika majini, Nasimiyu anafanya nini?"

"Anaangalia nyuma. Wenzake wamevuka?"

"Wamevuka wote."

"Basi mwache aende."

Ashley anajifuta macho kwa mkono wa sweta. Mama Abigail anakunja karatasi ya Nasimiyu mara mbili na kuiweka kwenye droo ya vipimo vya wateja. Anaifunga droo, kisha ananyoosha mkono. "Leta karatasi ingine."

Selpher ana mpango wa kuandika kitabu chake cha kanuni, kwa Kiswahili, na kufungua meza ya pili Matungu kwa ajili ya wakata miwa kufikia Desemba. Ukurasa wa kwanza tayari ameuandika, akaufuta, akauandika tena: kabla ya dadu kurushwa, msimulizi ana uhuru wa kuamua kama kuna haja ya kuirusha; ikishatua, inasomwa na yule anayehusika.

"Na Jumamosi ijayo nikimhurumia mtu tena?" anajiuliza mwenyewe. "Nitamhurumia. Lakini kabla, si baada."

Mtu mpya wa Mama Abigail bado hana jina, na tayari amekwama mbele ya mlango wa jiwe. Dadu inagonga sinia, inazunguka, inatulia. Selpher amefumba macho.

Mama Abigail anavaa miwani na kuinama.

"Tatu," anasoma kwa sauti. "Umeandika?"

"Nimeandika."