Santiago ya Mama Graciela

Emérance akiona pichi zilizokaushwa sokoni Cabramatta, jijini Sydney, husimama. Anamkumbuka Mama Graciela, bibi wa Kichile ambaye yeye alikuwa akienda kumhudumia nyumbani kwake, karibu na Smithfield. Kila asubuhi, Emérance akimchana nywele, bibi alikuwa akimtembeza Santiago, mji wa kwao, kwa maneno.

"Ukifika, begi livae kifuani. Sokoni nenda mapema, ule supu pamoja na wapagazi. Mlimani usipande mpaka mvua inyeshe. Mvua ikishaosha hewa, ndipo utaiona milima yenye theluji."

Maneno yakamwingia. Siku moja akamwambia mumewe kwamba likizo yake anaipeleka Chile.

"Chile?" Méthode akaweka kijiko chini. "Wenzako wanakwenda Bujumbura kuona ndugu. Wewe kule una nani?"

"Nina Mama Graciela."

Akaenda peke yake. Alikula supu kati ya magunia ya viazi, jasho likimtiririka. Akangoja mvua. Ilipokatika akapanda mlima kwa kigari cha reli, akanunua kinywaji baridi cha ngano na pichi, na alipoinua macho, milima ilikuwa imesimama nyuma ya mji mzima, myeupe. Alilia bila kujua analilia nini.

Mwisho akautafuta mtaa wa bibi. Nyumba yake ya zamani haikuwepo. Palikuwa na ghorofa refu, nguo zimeanikwa kwenye vibaraza.

Aliporudi Sydney alimwonyesha bibi picha, moja baada ya nyingine, akichelewesha habari ya nyumba.

"Na nyumba?" bibi akauliza.

"Wameivunja, Mama."

"Nilijua," akasema. "Nilitaka tu mtu wangu apite pale." Kisha akamshika mkono. "Na kwenu, mwanangu? Nikija, niende wapi?"

Emérance akacheka. Kwao! Yeye amekulia katika kambi ya wakimbizi ya Mtabila, kule Kasulu, Tanzania; kambi yenyewe ilishafungwa, majani yameota. Lakini bibi alikuwa anangoja.

"Bombani nenda alfajiri," akaanza taratibu, "foleni bado fupi, wanawake wanaimba. Jumapili pita nyuma ya kanisa, yuko mama anauza maandazi ya moto. Bondeni usipite wakati wa mvua, utaacha viatu matopeni."

Mambo aliyodhani ameyasahau yakawa yanatoka yenyewe. Bibi alisinzia, na Emérance akaendelea kusimulia, sauti chini.

Mama Graciela alifariki majira ya baridi yaliyopita. Sasa Emérance anamhudumia mzee mmoja wa Minto asiyependa mazungumzo. Ila nyumbani maneno hayaishi: yeye na Méthode, aliyekulia kambi hiyohiyo, wamekata tiketi za Kigoma, na kila jioni wanabishana bomba lilikuwa upande gani wa kanisa.