Sehemu Mia Mbili za Tone Moja

Mpimaji wa damu katika zahanati ya Kyuso hupangusa lenzi ya darubini kwa kitambaa cheupe, kisha huhesabu kwa midomo bila sauti. Hatamki "hakuna" kabla ya kukagua sehemu mia mbili za tone la damu, hata mwaka upite bila kuona kijidudu cha malaria. Siku moja Mutanu, aliyempakata bintiye mwenye homa, alichoka kungoja.

"Daktari, si hii ugonjwa iliisha huku?"

"Ilipungua, mama. Ngoja kidogo."

Kwenye sehemu ya mia na themanini, midomo ikatulia. Alikuwa ameona kijidudu kimoja. Akamnywesha mtoto dozi ya kwanza yeye mwenyewe, ndipo akauliza walikuwa wamesafiri wapi.

"Hatujatoka Kyuso tangu Krismasi."

Akaandika polepole kwenye fomu ya watafiti wanaofuatilia kama malaria bado inaenea Kyuso: ameambukizwa hapa.