Ukurasa wa Pili wa Barua ya Kichina

Mdogo wangu aliingia dukani kwangu saa mbili asubuhi, damu iliyomtoka sikioni ikiwa imekauka kwenye kola ya shati. Hakuniamkia. Alipita moja kwa moja hadi uani, akachukua panga la kufyekea, akageuka kutoka. Nilimrukia mlangoni. Tulivutana mpaka rafu ya madaftari ikaanguka, na alipokataa kuliachia nikamng'ata mkono kwa nguvu zangu zote. Panga lilipodondoka nikalikalia.

"Leo namuua, dada," alisema. "Niache."

Aliyetaka kumuua ni nyapara wa kiwanda cha matofali, barabara ya kwenda Mapinga, ambako mdogo wangu alikuwa kibarua. Mwenye kiwanda ni Mchina, na Kiswahili chake hakizidi kuhesabu matofali. Nyapara ni mtu wa hapa hapa, aliyeokota Kichina cha mdomo kwa kukaa nao miaka mingi, kwa hiyo kila neno kati ya bosi na vibarua lilipitia kwake. Aliwachapa watu kwa kipande cha mpira wa maji, na wakilalamika, mwenye kutafsiri malalamiko ni yeye. Asubuhi ile mdogo wangu alidondosha matofali matatu. Nyapara alimpiga makofi ya sikio mpaka likapasuka ndani.

Mimi nilisoma Kichina miaka miwili chuoni Dar, kabla sijaacha na kurudi Bagamoyo kufungua steshenari. Nikamwambia mdogo wangu kwamba bosi tutamwandikia sisi wenyewe, kwa lugha yake, barua isiyopita kwa nyapara.

"Iandike leo," alisema. "Isipofika leo, kesho naenda na panga."

Sikudhani anatania. Tumezaliwa tumbo moja na hasira zetu ni zile zile.

Kompyuta ya dukani haikuwahi kuandika Kichina. Niliingia kwenye mipangilio, sehemu ya lugha, nikaongeza Kichina na kuanza kukipakua. Kilipofika nusu bando likakata. Nikaweka jingine, nikangoja, hatimaye alama ndogo ya Kichina ikatokea chini kabisa ya kioo, kando ya saa. Hapo unaandika sauti ya neno kwa herufi zetu hizi hizi, maumbo ya Kichina yanajipanga kwa namba, nawe unachagua unalolitaka. Nilikuwa na mistari miwili umeme ulipokatika. Uliporudi, Kichina hakipo na barua haipo. Nilisahau kwamba mimi mwenyewe niliweka humo programu inayofuta kila kitu kipya mashine ikizimika, kwa sababu flashi za wateja zilikuwa zinaniletea virusi.

Niliipiga kibodi ngumi. Vitufe viwili viliruka hadi kwenye printa. Nikaipiga tena, mara hii kwa kiwiko, ikapasuka katikati. Mdogo wangu alicheka huku ameshika sikio, nikamtukana yeye na wote waliosambaza umeme mji huu. Kisha nikaondoa ile programu, nikachomeka kibodi ya zamani, nikaanza upya kupakua Kichina.

Adhuhuri ilikuwa imepita tulipofika kwenye barua yenyewe. Yeye alitaka nianze na vipigo.

"Wewe huingia nyumba ya mtu bila hodi?" nilimuuliza.

Kwetu barua ina adabu zake. Nilianza na salamu, nikauliza afya ya bosi na ya jamaa zake walioko mbali, nikashukuru kwa ajira na kwa mchele wa sikukuu. Hata nyapara nilimsifu kwa bidii yake, maana niliona humshtaki mtu kabla hujampa haki yake. Ukurasa wa kwanza ulijaa. Ukurasa wa pili ndipo nilipoandika kwamba pamoja na hayo yote nyapara anawapiga, nikaeleza mpira, sikio na wengine walioumia. Mdogo wangu alinung'unika kwamba ni ndefu mno. Nilimwambia aliyesoma ni mimi.

Alasiri aliipeleka mkononi kwa bosi. Bosi aliisoma amesimama getini, ukurasa wa kwanza tu, akatabasamu kwa furaha ya kweli. Hakuna kibarua aliyewahi kumwandikia. Akamwita nyapara, akampigapiga begani kwa zile sifa, akampa barua yote aitunze. Nyapara huongea Kichina lakini hakisomi. Alipofika kwake aliielekezea simu inayotafsiri maandishi, kurasa zote mbili.

Kesho yake alimvizia mdogo wangu nyuma ya tanuri akiwa na koleo. Alimvunja mkono wa kulia sehemu mbili na meno matatu ya mbele. Alipoanguka alimkanyaga mbavu huku akimtajia maneno yangu ya ukurasa wa pili, sentensi moja kwa kila teke. Wenzake walimtoa pale kwa toroli.

Nilipotoka hospitali nilirudi dukani nikaandika mstari mmoja: nyapara wako anapiga watu, na leo amemvunja mdogo wangu mkono. Salamu sikuweka. Nyapara alinizuia getini kwa kunisukuma kifua. Niliokota kipande cha tofali nikampiga nacho puani, nikapita huku anapiga kelele. Bosi alisoma mara moja tu, uso ukambadilika. Aliita walinzi, kisha polisi, na nyapara akaondoka pale kwa pingu.

Baadaye bosi aliniuliza, kwa Kichina cha taratibu ili nimwelewe, kwa nini hatukumwambia mapema. Nilimjibu kwamba tulimwambia jana, ukurasa wa pili. Alisema alidhani ni barua ya shukrani. Tofali lilikuwa bado mkononi mwangu na nilitamani kumpasua naye, lakini kosa lake sikuliona.

Mkono wa mdogo wangu uliunga vibaya, hawezi kuinua hata ndoo. Kila baada ya sala ya magharibi mama humwapiza yule nyapara, nasi sote huitikia amina. Mimi pia huitikia, nikiwa najua kwamba sehemu ya dua ile ni yangu.