Kila mara Baba aliinama kabla ya kuwasha gari

Miaka yote tulidhani Baba anaomba.

Kabla ya kuwasha gari lake kuukuu aliinama hadi chini ya usukani. Sisi watoto, nyuma, tulifumba macho pamoja naye, kisha tukasema amina.

Tangu tumzike, injini inazunguka tu, haiwaki. Leo Mama alisema lisipowaka, tutaliuza kama vyuma.

Fundi tuliyemwita akapapasa chini ya usukani.
"Motere iko muzima. Muzee alificha hapa kitufe cha kukata mafuta, juu ya wezi."
Akabonyeza. Likawaka.

Nikaona aibu kwa zile amina zetu zote.

Mama akasema polepole: "Aliomba pia. Miye nilikuwa nakaa pembeni yake, nilikuwa namusikia."

Gari haliuzwi. Nitaliendesha mimi.
Niambieni: nikiinama pale, niseme nini?