Bahari ya Sebuleni

Leo nimeloweka chumvi ya mawe kwenye beseni, na harufu yake ilipopanda nikajikuta sebuleni kwetu Iringa.

Mama alikuwa mtu wa pwani. Baba alimwagizia kwa dereva wa lori madumu ya maji ya bahari, jiwe la matumbawe na samaki watatu wenye mistari ya njano. Fundi wa madirisha akatengeneza sanduku la kioo. Kila asubuhi mama alikuwa akichovya kidole, anakilamba, halafu anacheka peke yake.

Siku moja alikwenda sokoni, akaniachia zamu ya kuwapulizia samaki hewa kwa pampu ya baiskeli. Nilipampu kwa fujo, sanduku likainama, nusu ya maji ikamwagika. Mimi bahari sikuwahi kuiona. Nilijua ni maji na chumvi tu. Nikajazia maji ya bomba, nikatia chumvi ya jikoni, kiganja baada ya kiganja, huku naonja.

Mama aliporudi, samaki walikuwa wakielea ubavu. Alichovya kidole, akakilamba. Akanitazama.

Baba akaingia. "Imekuwaje tena?"

"Baridi ya kwenu hii," mama alisema. "Nilisahau kuwafunika."

"Yaani wewe! Maji yametoka Dar es Salaam mpaka huku, unasahau blanketi?"

Alimgombeza mpaka chai ikapoa. Mimi nilisimama mlangoni, nimekunja ngumi, chumvi bado inaniwasha viganjani.